Mwaridi wa Eda

Bwana Humaid alizikwa siku ile ile aliyofariki, mwisho wa Aprili mwaka wa 2014, na kesho yake asubuhi Mzee Taib akakatazwa kuingia getini. Hakuwa amekosa. Alikuwa dereva na mtunza bustani wa nyumba ile kwa miaka kumi na tisa. Lakini Bi Shamsa sasa alikuwa anakaa eda, na mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonani na wanaume wasio ndugu zake, hajipambi, hajitii manukato. Mwanawe, Sultan, ndiye aliyetoa amri kwamba mwanamume asipite geti mpaka siku ziishe. Mzee Taib akabaki nje na gari, na bustani ikawa yangu.

Mimi ni Mirriam, Mama Caren, mtu wa Kitale. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili katika nyumba ile, nyuma ya Satwa, napika na kufua. Bi Shamsa alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilimwita madam kama tunavyowaita wote. Yeye aliniita Maryamu. Sikumsahihisha, maana hilo ndilo jina wanalomwitia Mama wa Bwana Yesu, na wanalitaja kwa heshima.

Siku ya nne ya eda aliniita juu. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa nguo nyeupe, bila hereni, bila wanja. Akanionyesha uani kwa kidole.

"Unauona ule mwaridi?"

"Nauona, madam."

"Ule marehemu aliutoa Taifu, Saudia, tulipokwenda Umra. Kijiti kama kidole changu hiki cha mwisho, amekifunga kitambaa cha maji. Miaka kumi na mbili sasa. Kila siku akisha kusali alfajiri hushuka akaumwagia maji mwenyewe, na ukiwa na ua huniletea. Sasa harufu siruhusiwi. Usinikatie ua, usiniletee ndani. Utunze tu. Siku nitakayotoka eda nataka nishuke mwenyewe, nilinuse pale pale mtini. Umenifahamu?"

"Nimefahamu."

"Sina jengine nnalokutaka. Chakula hata ukikiunguza ntakula."

Asingeweza kushuka wakati huo. Ng'ambo ya ukuta walikuwa wanajenga jengo la ghorofa, na mafundi walikuwa juu ya vyuma mchana na usiku, gizani wakiwashiwa taa. Kutoka kule waliona uani kwetu mpaka ndani ya sufuria. Dirisha la madam lilikuwa na kioo cheusi, yeye anaona nje na wa nje hawamwoni.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia nimefanya kazi ya maua miaka kumi na moja, Naivasha, kwenye shamba la mawaridi. Ilikuwa kweli. Nilipenda sana kulisema jambo hilo.

Mzee Taib alinifundisha kupitia tundu la geti, yeye nje na mimi ndani, ninaona jicho moja na nusu ya ndevu.

"Maji ya mpira usiyatumie," alisema. "Tangi liko juu ya dari, jua linalipika kutwa. Ukifungua bomba mchana unaumiminia mti chai. Jaza ndoo usiku, ziweke jikoni kwenye baridi, alfajiri ndiyo umwagie."

"Nimesikia, mzee."

"Tia makuti makavu shinani, udongo usione jua. Na mkasi uweke mbali. Wakati wa joto mti huu umelala, bibie. Hauli, haukui, unavuta pumzi basi. Usiuamshe mpaka Oktoba."

"Mzee, mimi nimekata mawaridi mengi kuliko nywele zako."

Akavua kofia, akainamisha kichwa mbele ya tundu nikione. Kilikuwa kipara kitupu. "Basi hujakata hata moja," akasema.

Nilicheka. Makuti niliweka, ndoo nilijaza, na mwezi wa Mei wote nilitoka kila alfajiri kabla jua halijachomoza. Mti ulikaa vile vile, kijani cha vumbi, hauongezi jani wala haupunguzi. Madam naye alikaa vile vile. Nilipanda na sinia, nikashuka nalo, na chakula kilikuwa kimeguswa pembeni tu.

Sasa nieleze kosa langu, na nitaeleza jinsi lilivyokuwa.

Kule Naivasha kazi ya mwaka mzima inategemea siku moja, tarehe kumi na nne Februari, Wazungu wanapopelekeana maua. Maua hayawezi kungojwa yafunguke yenyewe. Msimamizi anahesabu nyuma. Wiki kumi kabla ya siku ile tunaingia ndani ya vibanda vya nailoni na mikasi, tunakata kila mti chini. Mti ukikatwa unashtuka, unatoa machipukizi mekundu, machipukizi yanakuwa mashina, na maua yanakomaa yote wiki moja. Sikuwahi kuona hesabu ile ikikosea.

Jikoni kulikuwa na kalenda ya benki. Nikatia alama siku ambayo eda itaisha, mwisho wa Agosti, nikarudi nyuma wiki kumi. Kidole kikaangukia tarehe ishirini na mbili Juni. Madam alitaka ua moja. Mimi nilitaka ashuke akute ishirini.

Nilisali kabla ya kukata. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilijiuliza sana niliomba nini. Niliomba mkono usitetemeke. Kama nikate au nisikate, hilo sikumwuliza Mungu, nilidhani nalijua.

Nikakata mpaka magotini. Nikatia mbolea, nikamwaga maji, nikazoa matawi nikayafunga ndani ya mfuko mweusi. Kabla sijanawa mikono kengele ya juu ikalia.

"Umenikatia mti," alisema Bi Shamsa. Hakupaza sauti.

"Ndiyo, madam. Ni kwa sababu ya siku yako. Utachipua upya, na siku utakayotoka utakuwa na maua mengi. Hivi ndivyo tunavyofanya kule kwetu."

Akatazama chini muda mrefu. Vile vijiti vilivyobaki vilionekana vibaya kutoka pale, hata mimi niliona.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Taib anajua?"

"Mzee Taib ni fundi wa mitende, madam. Waridi najua mimi."

Siku ya kumi na tatu mti ulichipua. Ilikuwa Ramadhani imeingia. Machipukizi yalikuwa mekundu kama ufizi wa mtoto, kila kijiti kimetoa mawili, matatu. Nilipiga magoti pale kwenye udongo nikamshukuru Mungu. Jioni ile baada ya futari madam aliniita, akanipa tende kwa mkono wake, na sahani yake ilikuwa imekwisha.

"Leo nimeuona wekundu," alisema. "Nimempigia Sultan simu kumwambia. Anadhani nimeshikwa na wazimu." Akanitazama. "Kaa. Weye mumeo alikufa lini?"

"Miaka sita sasa, madam. Kifua."

"Ulikaa siku ngapi?"

"Tatu."

"Tatu?"

"Alikufa Januari. Januari shambani hakuna ruhusa ndefu, ni wakati wa maua ya wapendanao. Nilimzika Jumamosi, Jumatatu nilikuwa mezani nafunga maua."

"Na ulilia wapi?"

"Kwenye chumba cha baridi cha kuwekea maua. Kule ndani kila mtu pua inamtoka, hakuna anayekuuliza."

Hakusema pole. Alisogeza bakuli la tende likawa upande wangu, tukakaa hivyo mpaka adhana ya Isha. Usiku ule nililala nikihesabu maua.

Katikati ya Julai upepo ukageuka. Ulitoka jangwani, mkavu, na ulivuma siku tatu bila kupoa hata usiku. Ukifungua mlango wa jikoni ni kama umefunua tanuri la mkate. Asubuhi ya kwanza nilikuta machipukizi yamelala. Nikachukua shuka yangu ya kitandani, nikaifunga kwenye vijiti vinne kufanya kivuli. Saa sita niliitazama kupitia dirisha la jikoni, shuka inapigwapigwa, na chini yake ule wekundu umekuwa kama mchicha uliochemshwa. Mti wa Naivasha ukikatwa unakutana na ukungu wa asubuhi. Huu niliuamsha usingizini, nikauvua nguo, nikauweka juani.

Siku ya tatu machipukizi yalikatika yenyewe nikiyagusa. Halafu weusi ukaanza kushuka. Ulianzia pale nilipopitisha mkasi, ukateremka kijiti kwa kijiti, kila siku upana wa kidole. Nilikwangua gamba kwa ukucha kutafuta kijani ndani. Leo nakipata hapa, kesho nakipata chini zaidi. Nilizidisha maji, nikapunguza maji. Nilifunga pamoja na Waislamu wa nyumba ile siku nne nzima, wala sikumwambia mtu.

Nilikwenda getini nikagonga. Jicho la Mzee Taib likaja kwenye tundu.

"Mzee, mwaridi unakauka."

"Unakauka vipi?"

"Niliukata. Juni."

Nilisikia injini ya gari ikinguruma nyuma yake.

"Kwangua pale kwenye fundo, shina linapoingia ardhini," alisema. "Nenda ukatazame, nakungoja."

Nikaenda, nikafukua makuti, nikakwangua. Nikarudi.

"Kahawia."

"Basi, bibie. Khalas."

"Ulinikataza."

"Nilikukataza. Sasa nikikucheka, utachipua?" Akasogeza jicho karibu zaidi na tundu. "Bi Shamsa ameshajua?"

"Anadhani umelala tena."

"Basi Mungu akusaidie," alisema, na jicho likaondoka kwenye tundu.

Mtu wa pili niliyemwambia alikuwa Jairus. Jairus alikuwa askari wa zamu kwenye lile jengo linalojengwa, kijana wa Vihiga, na Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko kule, tulikuwa tunapanda basi moja kwenda na kurudi kanisani. Nilimweleza njiani tukirudi, nikiwa nimeshika kitambaa.

"Mama Caren, hii kitu unalilia ni ya dakika ishirini," alisema. "Sasa hivi unashuka Satwa. Zile duka za miti, si wamepanga mawaridi mpaka kwa barabara? Chukua moja, chimba shimo, panda. Huyo madam yuko juu huko, anaona kijani tu."

"Atashuka mwezi ujao."

"Atashuka apate maua. Si hiyo ndiyo anataka? Wewe unataka apate ukweli ama apate maua?"

"Jairus, wewe umetoka kuomba sasa hivi."

"Na nimekuombea wewe usirudishwe Kitale na begi ya nailoni. Maua ni maua, mathe. Hata huyo mzee aliyekufa hangejua tofauti."

Nilishuka Satwa. Sitaficha, nilishuka kwa kusudi la kununua. Nilipita duka la kwanza, la pili, na kwenye la tatu nikauona. Ulikuwa na urefu ule ule, majani ya namna ile ile, umewekwa chini ya feni la kupuliza maji, una tumba mbili. Mwenye duka alikuja akaniambia bei, nami nikaushika shina. Nilikuwa na pesa mkobani. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaenda kuhudumia mtu mwingine.

Kilichonizuia si uzuri wangu. Niliona tu jinsi itakavyokuwa. Bi Shamsa anashuka, anainama, anafumba macho, ananusa mti wa dukani akidhani ni mkono wa mumewe, na mimi nimesimama nyuma yake na sinia, najua. Na kila siku baada ya hapo nitapika chakula chake na nitajua. Nikauachia ule mti, nikarudi nyumbani kwa miguu kwenye jua la saa tisa.

Niliingoja Idi ipite, nisimharibie sikukuu, ingawa hakuisherehekea. Siku ya tatu ya Idi nilipanda juu bila kuitwa.

"Madam, mwaridi umekufa."

Alikuwa anavuta tasbihi. Vidole vikasimama.

"Umelala," alisema. "Taib aliwahi kuniambia, wakati wa joto hulala."

"Ulikuwa umelala. Mimi niliuamsha nilipoukata. Nimeukwangua mpaka shinani, hauna kitu. Nimeuua mimi."

"Nani alikwambia ukate?"

"Hakuna mtu. Mzee Taib alinikataza tangu Mei."

Nilingoja anitukane. Nimeishi na mabosi wawili kabla yake, najua kutukanwa, kunapita kama mvua. Hakunitukana. Aligeuza uso dirishani na ushanga ukaanza kutembea tena vidoleni.

"Nenda," alisema.

Jioni Sultan alikuja kumwona mama yake kama kawaida. Nilimsikia kutoka ngazini akisema, "Mama, niung'oe basi usiuone?" Naye akajibu, "Uache." Halafu Sultan alinipita jikoni bila salamu. Nikapanga nguo zangu kwenye begi, nikaliacha chini ya kitanda, tayari.

Kesho yake sikutoka alfajiri. Hakukuwa na sababu ya kutoka. Nilikuwa nakanda unga nikasikia hatua kwenye ngazi. Bi Shamsa alikuwa ameshuka mpaka ngazi ya kati, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kumwona.

"Mbona leo hujaumwagia maji?"

"Madam, umekufa."

"Najua umekufa. Umwagie."

Nikabeba ndoo nikatoka.

Nilifanya hivyo kila siku mwezi mzima wa Agosti. Siku hizo ni mvuke wa bahari, hewa imelowa, nguo inakushika mgongoni kabla hujafika nusu ya ua. Nilipiga magoti, nikamwaga maji polepole kwenye vile vijiti vyeusi, udongo ukanywa, nikarudi ndani. Mafundi wa zamu ya usiku walikuwa wanashuka kwenye vyuma saa hiyo, na baadhi yao walisimama kutazama. Jairus aliniuliza Ijumaa moja kama mti umefufuka. Nikamwambia akome. Akakoma.

Sikujua kama ninaadhibiwa. Madam alisema nami mambo ya nyumba tu, chumvi, sabuni, mashuka. Hakuniita kukaa tena. Kila asubuhi nikiinua kichwa nililiona lile dirisha jeusi na nilijua yuko nyuma yake, lakini uso wake sikuuona. Niliomba Mungu anipe moyo wa kuumwagia maji mti ule bila kunung'unika. Siku nyingine alinipa, siku nyingine nilimwaga na hasira yangu yote.

Eda iliisha siku ya Jumapili. Wanawake wa ukoo walikuwa waje adhuhuri na udi na maji ya waridi. Lakini yeye alishuka alfajiri, peke yake, ameshaoga, amevaa dera la kijani. Alinikuta mlangoni na ndoo. Tukatoka pamoja. Kwenye jengo hakukuwa na mtu, zamu ya usiku ilikuwa imeshashuka na ya mchana haijapanda.

Hakuinama kunusa. Alivunja kijiti kimoja, kikalia ta. Akavunja cha pili. Akaviweka vyote viwili juu ya ukingo wa ukuta, akapangusa mikono.

"Ulidhani nakukomoa," alisema.

"Sikujua, madam."

"Kidogo nilikuwa nakukomoa. Siku mbili tatu za mwanzo." Alitazama juu kwenye dirisha lake, kana kwamba anapima kunaonekana nini kutoka kule. "Halafu nikawa nangoja tu saa ile. Miaka kumi na mbili nikiamka nasikia mlango wa jikoni, nasikia ndoo, nakwenda dirishani namwona mtu ameinama pale. Sikutaka saa ile iwe tupu. Awe weye, awe mwengine, madhali mtu ametoka."

Nilikuwa bado nimeshika ndoo.

"Lakini mti wangu umeniulia, Maryamu."

"Ndiyo, madam. Nisamehe."

Alifikiri. Sikuwahi kuona mtu akifikiri namna ile juu ya neno ambalo watu hulitoa haraka.

"Ntakusamehe," alisema. "Leo sijaweza. Nikiweza ntakwambia, sitaki kukudanganya."

Asubuhi ile ile geti lilifunguliwa na Mzee Taib akaingia kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Alimpa pole Bi Shamsa akiwa ameinamisha macho, kisha akachukua jembe. Mizizi ilikuwa mifupi kuliko nilivyotazamia, ilitoka yote kwa mapigo matatu tu ya jembe. Mimi nilishika mfuko.

Nilikaa nyumba ile miaka mitatu zaidi. Bi Shamsa alianza tena kuniita nikae, tulikula tende, tulizungumza habari za Caren na karo ya Caren, akaniuguza nilipopata homa. Pale mahali hakupanda kitu, na mimi sikupendekeza. Siku ninaondoka alinipa kanga mbili na akanishika mabega yangu yote mawili muda mrefu, teksi inangoja nje. Niliona mdomo wake umetaka kusema lile neno. Nikangoja. Akasema nikifika Kitale nimpigie simu ajue nimefika salama.